Mama, Pini Imetoka Bila Nyundo

Mama yangu mpenzi,

Leo asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Masaka nilipofungua karakana yako. Nilisimama mlangoni nikanusa petroli na ile sabuni yako ya kunawia mikono, na kwa kitambo nikaona kama umetoka tu kidogo, umekwenda kununua mkate. Nikakaa na raha hiyo. Hata taa sikuiwasha.

Nimekuja kwa ajili ya ile injini yako ya kuvuta maji. Tangu tukuzike haijafanya kazi, na maharage yako yanakauka. Kaka anasema imekufa, na ameshamwita mtu wa vyuma chakavu kutoka Busanza aje kuibeba alasiri hii. Mimi nimeifungua. Haijakufa, Mama. Kilicholika ni pini tu, ile inayoishikilia pistoni kwenye mkono wake. Lakini imeng'ang'ania humo ndani, na pistoni za namna hiyo madukani hazipo tena. Nikiivunja, basi, yule mtu aibebe tu.

Kaka akaniletea nyundo. Nikacheka peke yangu, maana nilikusikia kabisa ukisema, "Usipige. Vuta."

Unakumbuka tulipokwenda Remera kununua pula, kile chombo cha kuvutia pini? Uliiviringisha bolti yake juu ya kaunta, umeinama, unaangalia kama imenyooka. Ukajaribu ncha zake moja moja kwenye pini ya zamani uliyoibeba ndani ya mkoba wako wa kanisani. Ncha nene ingekwama kwenye tundu la pistoni. Nyembamba ingezama ndani ya pini yenyewe. Mwenye duka akachoka. "Mama, unanunua ao unacheza?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Nacheza hapa. Nyumbani iko kazi." Mimi nikatazama barabarani kwa aibu. Leo ningetoa chochote unitie aibu kama ile.

Na kile kisa cha neno hari je? Ulikulia Bujumbura, ukazeekea Kigali, na kwako r na l zilikuwa ndugu wa kuazimana nguo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Mwanza, na Kiswahili cha kujivuna mdomoni. Pini moja ilikuwa imegoma kutoka. Ukaniuliza ukiwa nje, "Hari yake?" Ulitaka kujua hali yake tu. Mimi nikasikia hari, yaani joto. Nikajibu kwamba haina, imepoa kabisa, nikaenda kuchovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikaifunga pistoni. Nilipozungusha pula, pini ikateleza ikatoka yenyewe. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Mimi nauliza iko aje, weye unaipikia!" Tangu hapo hatukuvuta pini bila kitambaa cha moto, na kila mteja ulimwambia huo ni ufundi wa binti yako.

Basi na leo nimechemsha maji. Nilitoa vile vibanio vidogo vya waya pembeni, nikaifunga pistoni, nikaiacha ipate joto taratibu. Humo ndani kulikuwa na utulivu, mvuke unapanda dirishani, nami nikawa kama nasinzia nikiwa macho. Kaka alikuwa akitazama njia. Tukasikia pikipiki inapanda mlima, naye akasema, "Ndiye huyo." Mguu wa pula niliuwekea kipande cha ngozi usije ukakwaruza, nikaanza kuzungusha spana polepole. Ikakaza. Nakwambia kweli, niliona nakupoteza tena. Kisha kitu kikalegea, na pini ikaja kidogo kidogo mpaka ikanidondokea kiganjani. Pistoni haina hata mkwaruzo.

Yule mtu wa vyuma tulimpa chai, akaenda zake. Nikaweka pini mpya niliyoikuta kwenye kopo lako la vipuri, nikafunga kila kitu, na jua lilipoanza kulegea nikavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanyamaza, nikavuta tena, ikashika. Kaka, yule yule aliyekuwa ameshaizika, akavua viatu akaingia mferejini. Akawa anatembea nyuma ya maji, suruali imelowa mpaka magotini, hadi yakafika kwenye maharage.

Nikageukia mlango wa karakana kukuita uje uone. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua, Mama. Nikaona haya, nikamtazama kaka, nikidhani atanicheka. Hakunicheka. Alikuwa amesimama kwenye tope, na yeye amegeukia mlango ule ule.

Lala, Mama. Maji yamefika.

Binti yako