Bwana Suti na Kesi ya Tanuri Letu

Kiwanda cha Mikate,
Nyuma ya Duka la Vioo,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Watoto hawajambo? Na mgongo wa wifi umepata nafuu? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na fimbo anaikataa. Anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka themanini na moja.

Basi nikupe habari. Lile tanuri jipya nililokusimulia kwenye simu limenitoa jasho. Mkate upande mmoja unakuwa mkaa, upande wa pili ukiubonyeza kidole kinazama. Mafundi wa tawi la kampuni iliyoniuzia walikuja mara tatu, wakaligonga gonga, wakanywa chai, wakaondoka. Uvumilivu ukanishinda, nikaenda mahakamani ili wanibadilishie.

Kumbe shughuli ndiyo kwanza inaanza. Wakili wao akaleta pingamizi: kampuni ni ya kigeni, makao makuu yako huko huko mjini kwako, kwa hiyo mahakama ya hapa haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Nikitaka kushtaki, nipande ndege. Eti tawi lao si lolote si chochote, ni meza ya kupokea barua tu. Meza, mdogo wangu! Meza ya ghorofa mbili, yenye viyoyozi na mlinzi anayekuuliza una miadi na nani.

Nilicheka, lakini hofu nilikuwa nayo. Kesi ikihamia huko siiwezi, na tanuri likibaki hivi, kiwanda alichotuachia Baba nakifunga. Wale wafanyakazi sita ningewaambia nini?

Sasa, meneja wa tawi tunamwita Bwana Suti. Jua liwake vipi, yeye yumo ndani ya koti. Siku niliyonunua tanuri alinieleza nusu saa nzima kwamba hapa nchini yeye ndiye kila kitu. Kesi ilipofika, akaapa kwa maandishi kwamba tawi lake ni meza ya barua! Wakili wangu akaomba aje aulizwe maswali.

Wakili wangu ni binti mdogo, mpole utadhani hana habari. Hakubishana naye hata kidogo, alimwonea huruma. Akamuuliza kama ni kweli kazi yake ni kupokea barua na kuzituma. Kweli. Mteja akiuliza bei, hawezi kumjibu? Hawezi. Basi yeye na karani wa mapokezi wana tofauti gani? Na karani mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu, ameziba mdomo kwa kitambaa.

Hapo mtu mzima akapandisha mori.

"Mheshimiwa, mimi si tarishi," akasema. "Kila tanuri lililouzwa nchi hii nimeliuza mimi. Mkataba nimesaini mimi. Huko makao makuu wananiuliza mimi."

Wakili wao akafumba macho. Hakimu akamwomba arudie polepole ili aandike vizuri, na yeye, kifua mbele, akarudia.

Jana uamuzi ulitoka. Tawi linafanya biashara hapa, mkataba ulifanyika hapa, basi kesi itasikilizwa hapa. Wafanyakazi walipiga vigelegele mpaka wakamwaga unga. Ikabidi niwaeleze kwamba tanuri bado hatujalipata, tumepata ruhusa ya kuanza kulidai. Tumepangiwa mwezi ujao.

Ila kuna jambo limeniuma. Mama alikuwa amesikia kwamba nikishindwa itabidi nije huko. Wiki nzima alikuwa akinipa vitu vya kukuletea: sweta alilofuma mwenyewe, picha ya Baba, soksi za watoto. Nilipomwambia nimeshinda, akaniuliza, "Kwa hiyo huendi tena?" Kisha akaanza kuvirudisha kabatini, kimoja kimoja.

Msalimie sana wifi, na wale pacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na kazi isiyo na mabosi wa kupenda sifa.

Miaka tisa sasa hujaja nyumbani, mdogo wangu. Mahakama imeiambia kampuni nzima ije huku. Na wewe njoo.

Wako akupendaye, mwenye unga mpaka masikioni,
Dada yako