Kigae chenye Jina Langu

Tensta, Stockholm

Shikamoo dada Gaudiosa,

Theluji imeanza, watoto hawajambo.

Jumamosi, kwenye mkutano wa chama chetu cha Watanzania, niliuliza kwa nini wanawake tunapika pilau tu huku wanaume ndio wanaoamua. Mwenyekiti akataka nifukuzwe kwa kura, eti ndiyo demokrasia tuliyoachiwa na Wagiriki. Nikavunja sahani mbele yao. "Basi fanyeni kama Waathene! Waliandika kwenye vigae jina la mtu waliyemwogopa, wakamfukuza mjini."

Mmoja tu ndiye aliyeokota kigae akaandika "Brigitha": shemeji yako, mume wangu.

Nimekibandika mlangoni kwetu. Kila akiingia, asome mwenyewe anamwogopa nani.

Mdogo wako, asiyeng'oka,
Brigitha