Kinamasi cha Upande wa Thea

Jumanne, 22 Agosti

Zamu ya kukagua kinamasi cha jirani yetu Thea imeniangukia mimi. Kamati ya ardhioevu ina watu saba, na sita wako likizo ziwani!

Mwaka juzi sisi na Thea tulifukia kipande cha kinamasi ili kupanua njia za kuingilia garaji. Mji ukatuamuru kila nyumba ichimbe kingine uani, kufidia. Tukapewa misimu miwili. Robo tatu ya eneo ifunikwe na mimea ya majimaji iliyoshika mizizi yenyewe. Isipofika, unachimbua chote unaanza upya.

Changu kina vipara kama mbwa mwenye upele. Chake — sitaki kusema. Hata vyura wamehamia kwake. Nawasikia nikiosha vyombo.

Mume wangu Dale ananiuliza nimenuna nini. Sijanuna.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimekwenda na fremu yangu ya mbao. Unaitupa, unahesabu kilichoota ndani yake, unaitupa tena. Mara kumi. Asilimia tisini na mbili. Nikatoboa udongo: wa kijivu wenye madoa ya kutu, dalili ya maji kutuama, kama unavyotakiwa. Wangu mpaka leo ni wa kahawia, kama wa kupandia nyanya.

Basi nikaanza kuvuta matete, moja moja. Kuna watu hapa mjini huzika mimea pamoja na makopo yake ya kitalu siku chache kabla ya ukaguzi, ionekane imeota. Ukivuta, kopo linakuja. Mwaka jana nilimnasa daktari wa meno hivyo, na mpaka leo watu wanamcheka.

Thea alisimama na buti za mpira, nywele kazifunga kwa kamba ya bustani. Miaka sitini na moja, mjane, na bado anapendeza. Akaniuliza, "Unatafuta nini, jirani?"

"Kazi tu."

"Vuta, vuta. Ukiangukia humo nitakuletea taulo."

Hakuna kopo. Kila mmea una lebo aliyoikata kwenye kopo la yogati, jina kwa wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu. Nikatia sahihi. Kalamu karibu ipasue karatasi.

Akanipa mkate mtamu wa zukini, vile viboga vya kijani. Dale kala vipande vitatu. Wangu huwa anakula kimoja.

Jumapili, 27 Agosti

Dale kavuka ua tena. Eti pampu ya Thea imekwama. Karudi na tope hadi magotini, anapiga mluzi. Miaka miwili namwomba ashike koleo hapa kwetu, mgongo unamuuma. Kumbe ukivuka ua unapona.

Naona wivu. Nimeandika, basi. Namwonea Thea wivu kwa matete, kwa vyura, kwa mkate, na sasa kwa mume wangu mwenyewe.

Jana nililia bafuni, bomba nimelifungulia. Hakuna aliyesikia.

Kesho naenda kwa dada yangu, kapasuliwa goti. Wiki nzima.

Jumatatu, 4 Septemba

Siku ya Wafanyakazi, ambayo huku kwetu huwa Septemba. Nimerudi mchana. Sikuingia hata ndani, nilipitiliza uani na begi mkononi.

Kijani! Vipara karibu vyote vimefunikwa. Dale anasema mvua ilinyesha siku tano. Nikachukua fremu, nikaingia topeni na viatu vyangu vya safari. Sabini na nane. Nikahesabu tena. Sabini na nane.

Nimemkumbatia Dale, nikampigia dada simu. Nilitaka Thea anisikie, nikaongea kwa sauti karibu na ua. Bwana Haskell, mkaguzi wa mji, anakuja Alhamisi. Mimi siruhusiwi kujikagua.

Jumatano, 6 Septemba

Nilitaka tu kung'oa jani lililokauka. Kopo jeusi likaja mkononi.

Ndani yake, lebo ya kopo la yogati. Wino mwekundu.

Nimevuta mengine. Kumi na tisa. Mvua ya siku tano! Mimi, niliyemnasa daktari wa meno, nikaamini.

Dale alikuwa anakata nyanya. Niliweka kopo juu ya ubao. Hakukana.

"Ulikuwa unalia bafuni, Corinne. Nilishindwa kuvumilia."

"Ukaenda kumwambia yeye?"

"Yeye ndiye anayejua mimea. Kajitolea mwenyewe. Tumefanya kazi siku mbili, mgongo wangu ndio—"

"Usinitajie mgongo."

"Mke wangu, nyamaza tu. Nani ataumia?"

Makopo nayasamehe, nadhani. Lakini alinisikia nikilia, akasimama nje ya mlango, halafu akavuka ua. Hakugonga. Wameongea juu yangu, wamenihurumia, wakiwa wamepiga magoti kwenye tope langu. Hilo limenichoma.

Nimeyarudisha makopo yote mahali pake. Bila hayo tuko hamsini na tano.

Alhamisi, 7 Septemba, saa nne asubuhi

Naandika nimesimama jikoni. Nimesema nafuata kalamu.

Haskell kamaliza. Fremu ilidondoka mara mbili juu ya makopo. Aliinama. Akanyooka. "Kwa mwingine ningevuta, Bi Corinne. Kwako naona aibu." Kaandika sabini na saba. Kabakiza sahihi ya mwenye nyumba, kuthibitisha kwamba mimea yote imeshika mizizi.

Thea kaja na chai na ule mkate wake. Nawaona dirishani, watatu kwenye ngazi. Dale na Thea hawatazamani hata kidogo, wamejitahidi sana.

Nikisema, tunachimbua upya, na mji mzima utanicheka zaidi ya daktari wa meno. Nikinyamaza, kinamasi cha Thea kinaanzia kwake na kuishia mlangoni kwangu, na kila nikikitazama nitakumbuka kwamba walinihurumia.

Sasa Thea kamfuta Dale makombo kwenye mkono wa shati. Hata hakutazama anachofanya. Mkono ulikwenda wenyewe, na Dale hakushtuka.

Haskell anaita, "Kalamu imepatikana?"

Ipo hapa, naandikia. Koleo la kuchimbulia upya nalo liko pale mlangoni.