Kadi ya Mwaka na Viti Viwili Viwili

Mimi sijasema kadi ni ghali, Mama. Hayo maneno umenilisha wewe.

Wali na mbaazi umo kwenye sufuria, pasha tu, usiongeze maji. Mbwa keshakula, asikudanganye.

Asubuhi ulisema tukinunua kadi za mwaka tutaingia kule kwenye mabembea tukitaka, hela itarudi. Sawa. Mji mzima huu wa Kissimmee wanazo, na mapacha wamelia mpaka basi. Lakini vigari vya kule, vile vya kupanda na kushuka kwa kasi, vina viti viwili viwili. Wewe na huyo bwana wako Efraín. Mapacha wao kwa wao. Mimi naulizwa, "Kaka, uko peke yako? Pita huku," nakalishwa na mtu nisiyemjua. Juzi mzee mmoja kanipigia mayowe sikioni mwanzo mpaka mwisho. Tuliposhuka akaomba radhi, akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwonyesha nyie, mko mbele mnacheka.

~~Nunua nne tu, mimi sitaki.~~ Nunua tano, ila siku moja moja kaa na mimi.

Taulo zimo kwenye mashine, zitoe zisije zikanuka.

Na usimwambie dada yako, Titi Migdalia, kwamba nina wivu. Nilikuuliza tu, "Mama, tukienda utakaa na nani?" Efraín akadakia, "Dume zima linataka kukaa na mama yake!" Mapacha wakacheka. Mimi nikakungoja wewe useme neno. Ukachukua kikombe chako cha kahawa, ukageuka, ukaenda zako chumbani.

Mwanao wa kwanza,
Yadiel