Rula Isiyokuwa na Tundu la Kaburi

Koboko, mwezi wa Machi. Huu ni mwaka wa thelathini na sita tangu nitoke kwetu Yei, ng'ambo ya mpaka.

Mjukuu wangu Keji,

Bibi yako amepona goti, ameanza kupalilia tena. Unauliza kama programu yenu ya kuchorea mifumo ya kompyuta iwaruhusu watumiaji kuongeza alama zao wenyewe.

Nilipokuwa kijana nilichora ramani za nyumba Arua, kwa rula ya plastiki yenye matundu ya kufuatishia kwa kalamu alama za mlango, ngazi na choo. Nilimchorea mjane mmoja wa Vurra boma lake. Kaburi la mumewe, lililomezwa na nyasi, nililiona. Lakini rula haikuwa na tundu la kaburi, nikapaacha peupe. Fundi akaona nafasi tupu, akasogeza jiko pale.

Nilifika wakichimba msingi. Mjane alikuwa akipiga kelele: "Simama! Bwana yangu iko hapo chini!"

Fundi akacheka. "Mama, kwa karatasi hakuna mutu."

Nilimnyang'anya jembe, kisha nikaenda kutoboa tundu jipya kwenye rula kwa msumari wa moto.

Waachieni watumiaji msumari, Keji.

Nawe ukichora boma letu, nitengee nafasi kando ya mgomba wa bibi yako. Yei sitarudi.

Babu yako