Saba Mara Nane Imeuzwa kwa Themanini

Kwako mshauri, salamu nyingi, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi maana peke yangu nimeshindwa.

Binti yangu Itsuha yuko darasa la pili, na wiki hii wanakariri jedwali la kuzidisha la saba, lile gumu kuliko yote, na katika kusoma wamepewa hadithi ya kobe aliyeazima mwavuli, na kama unavyojua kila jioni mtoto husoma kwa sauti nyumbani, mkubwa mmoja akasikiliza na kugonga muhuri kwenye kadi ya shule, na kwa kuwa mimi nachelewa kutoka kiwandani, kazi hiyo ameichukua baba mkwe wangu. Mzee huyu alikuwa mnadi wa samaki hapa bandarini Sakaiminato maisha yake yote, na tangu astaafu na mama mkwe kufariki amekuwa akikaa kwenye meza yetu fupi yenye hita chini yake, blanketi lake kalivuta hadi kifuani, ukimsemesha anajibu "mm", basi. Sasa amemfundisha mjukuu wake jedwali la saba kwa sauti ya mnada, wote wawili wakiwa ndani ya maji ya moto bafuni kama ilivyo desturi ya huku kila jioni, vioo vinatetemeka, na mtoto amelishika lote, na mzee anacheka na kuomba bakuli la pili la wali.

Ningefurahi, lakini Itsuha amelipeleka shuleni na darasa zima linanadi. Juzi Mwalimu Hirasawa alinipigia simu, akanieleza kwamba aliuliza saba mara nane, Itsuha akasimama: "Hamsini na sita, hamsini na sita, nani ana zaidi?" na mtoto aitwaye Soma akanyoosha mkono akasema sitini, mwingine sabini, na mwisho saba mara nane ikauzwa kwa themanini. Hadithi nayo anaisoma vivyo hivyo, mpaka unadhani kobe yule amelazwa kwenye barafu anangoja mnunuzi. Mwalimu aliuliza tu mtoto amejifunza wapi, na mimi kwa aibu nikaomba radhi na kuahidi nitakomesha. Jumamosi wazazi tunakwenda kusimama nyuma ya darasa kutazama somo. Nikimwambia mzee anyamaze, naogopa atarudi kwenye "mm" yake na safari hii asitoke. Nisipomwambia, uso wangu nitauficha wapi?

Mama Itsuha

*

Mama Itsuha,

Pole, ingawa barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka.

Ulipokosea ni hapa: mwalimu alikuuliza swali, wewe ukampa radhi. Anakerwa au anafurahi, mimi sijui, na wewe hujui. Mpigie kesho umjibu alichouliza, kwamba babu wa mtoto alikuwa mnadi. Kisha nyamaza, umsikilize.

Kosa lipo, lakini si sauti. Bei hupanda, jibu halipandi. Saba mara nane ni hamsini na sita hata Soma akija na gunia la fedha. Kwa hiyo usimwambie mzee anyamaze. Mwambie hivi: "Baba, umewafundisha kufungua mnada, kuufunga bado." Hakuna mnadi anayevumilia kuambiwa kazi yake ni nusu. Leo hii hii bafuni atamfundisha mjukuu wake: "Hamsini na sita, imekwenda!" Ikishakwenda, hakuna wa kuongeza.

Kusoma ni habari nyingine. Kobe hauzwi. Hadithi inataka sauti ya mtu anayezungumza na aliyeketi karibu naye, na huyo wa karibu ni wewe. Usiniambie unachelewa, ukurasa mmoja unakwisha kabla supu haijachemka. Hesabu mwachie babu, kobe mchukue wewe. Mtoto akimaliza, muulize mwenye gamba mgongoni aliazima mwavuli wa nini. Hata mimi nataka kujua.

Jumamosi usiende peke yako. Mtolee mzee koti lake zuri, msimame pamoja kule nyuma. Itsuha akianza, wazazi wenzako watageuka kutafuta sauti ile imetoka wapi. Usitazame sakafu. Mshike mkono useme, "Ni huyu hapa, baba yetu."