Sijatangulia, Kaka Émile

Masisi, kilimani juu ya kituo cha afya
Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025

Mpendwa kaka Émile,

Kama umesimama, tafuta kwanza kiti, maana barua hii inatoka kwa mtu uliyekwisha kumlilia. Sasa nikusalimie kama watu wenye adabu. Hujambo? Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje na mvua za huko Kibua? Mke wako Bibiche na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, na mimi pia. Rudia kusoma hapo, kaka: na mimi pia.

Tangu Februari, tulipokimbia kule bondeni, tumekwama juu ya kilima hiki. Antena ya simu ilichomwa. Barabara ya kuja kwenu Walikale imefungwa, na ya kushuka Sake vilevile. Anayejaribu kuvuka huulizwa maswali yasiyo na jibu zuri. Zamani, kwa pikipiki, nilikunywa chai hapa Masisi na jioni nikala ugali kwa Mama. Sasa vilima vya upande wenu naviona kila asubuhi na siwezi kuvifikia. Nimechoka, kaka. Najisikia kama kuku aliyefunikwa kikapu: nje anakuona kupitia matundu, lakini hatoki.

Kinachotutoa nje ni redio tu. Mume wangu Védaste huanika betri juani juma zima ili Jumamosi na Jumapili zipate nguvu, kwa sababu siku hizo hutolewa emisiyo, vile vipindi vya mafundisho. Nimekuwa msomi, usinicheke. Najua sasa kwamba baharini kuna mnyama aitwaye pweza, mwenye mioyo mitatu. Najua kwamba konokono, ukame ukizidi, hujifungia ndani ya nyumba yake na anaweza kulala hata miaka mitatu. Nilimwaza sana huyo konokono. Yeye angalau mlango anaufunga mwenyewe.

Waliposema ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, Védaste alicheka mpaka akakohoa. "Hii njo habari? Bangeniuliza mimi!" Walisema pia kuna nchi ambako fromaji, jibini kama zetu, huwekwa mwaka mzima ndipo wanaisifu. Basi zetu zitasifiwa, maana maziwa hayana pa kwenda. Tunayageuza fromaji, tunazipanga juu ya mbao, na mnunuzi hafiki.

Jana Jumapili, baada ya emisiyo, wakasoma komunike za watu, za vifo na vitu vilivyopotea. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasikia kwamba familia ya Papa Albert ya Kibua, yaani nyumba yetu, inawajulisha ndugu na marafiki: misa ya kumaliza kilio cha marehemu Généreuse, mke wa Védaste wa Masisi, itakuwa Jumapili tarehe 23 mwezi huu. Maharagwe yalimwagika yote. Védaste akanikodolea macho. "Généreuse, njo wewe! Banasema ulikufa!" Mimi nikainuka, nikaipigia redio kelele: "Niko hapa! Niko mu nyumba!" Lakini redio ina mdomo, haina masikio. Ikaendelea na tangazo la mbuzi aliyepotea.

Tukakaa kutafuta kosa lilitoka wapi. Siku ile ya kukimbia, mimi nilienda mbele na ng'ombe, Védaste akabaki kumsubiri mama yake. Hakorimana, yule wa pikipiki, alikuwa anakimbilia kwenu, na Védaste akampa ujumbe wa mdomo. Nilimuuliza ni maneno gani hasa alimpa. Akajibu akiangalia chini: "Nilisema: ambia shemeji, Généreuse ametangulia, na mie nitamufuata."

Kaka, nilicheka, kisha nikalia. Wewe ni mkatekista, na kwenye kila kilio unatamka neno hilohilo, ametangulia. Ungelisikiaje vingine? Hakorimana simlaumu, alifikisha alichopewa. Ninayemlaumu ni Védaste, na nimemwambia waziwazi. Tangu jana anateka maji mwenyewe bila kuombwa.

Ila Mama. Hapo ndipo moyo wangu unapopasuka. Miezi tisa ananililia, na mimi nimekaa hapa nasikiliza habari za pweza. Kifua chake hakikuwa na nguvu hata kabla ya haya. Naogopa misa hiyo itamwangusha, afe kwa kilio cha mtu aliye hai, na mimi hata kumzika nisipate njia.

Kwa hiyo nakusihi, msomee barua hii kabla ya tarehe 23. Anayeileta ni Isidore, mwuguzi wa kituo chetu. Yeye peke yake ameruhusiwa kupita, tena mara ya kwanza tangu Februari, kwa ajili ya dawa. Amebeba pia fromaji moja kwa ajili ya Mama, ya miezi minne. Na kama unashuku kwamba kuna aliyeiga mwandiko wangu, basi sikiliza: ni mimi niliyekula mayai ya kuku wa shangazi Francine, ukachapwa wewe. Siri hiyo nimeitunza peke yangu. Nisamehe.

Usije kunichukua, njia si ya kupita. Tuma tu komunike nyingine. Kila Jumapili nitakuwa mbele ya redio, betri zimeanikwa vizuri. Wakisoma jina langu peke yake, nitajua Mama amepata habari. Wakiweka tena neno marehemu mbele ya jina hilo, nitajua barua haikufika, na sitakuwa na namna nyingine ya kukwambia.

Nisalimie Bibiche na watoto, Plamedi na Mamy. Nisalimie na shangazi Francine, lakini ya mayai usimwambie. Mungu awafunike kwa mkono wake, na siku moja atufungulie barabara hii.

Na Mama mwambie hivi: sijamtangulia. Niko nyuma yake, kama inavyomfaa mtoto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyetangulia na ng'ombe tu,

Généreuse